Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Milima ya Uluguru: anayepokea ada ya mlima apokee na jukumu lake

Waheshimiwa mnaosimamia hifadhi, njia za miguu na utalii wa ndani katika Milima ya Uluguru,
Morogoro.

YAH: KIBALI, NJIA NA UOKOAJI KWA WAPANDA MLIMA WA SIKU MOJA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima na taadhima, naandika barua hii hadharani kwa sababu njia za faragha nimezimaliza. Katika kipindi cha miezi saba nimewaandikia mara tatu. Barua ya kwanza niliituma kwa baruapepe, ya pili niliipeleka kwa mkono na nakala yangu ina muhuri wa kupokelewa, na ya tatu niliiandika baada ya kuelezwa kwa simu kwamba ile ya pili haionekani kwenye jalada. Mara mbili nilifika mwenyewe, nikakaribishwa vizuri, nikapewa kiti, nikaambiwa kwamba mhusika yuko safarini. Sina kinyongo na mtumishi yeyote niliyekutana naye, ndiyo maana humu sitataja jina la mtu wala la ofisi. Ninachotafuta ni jibu, na wenzangu ninaopanda nao wanalitafuta kama mimi.

Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam. Uluguru nilianza kuipanda nikiwa mwanafunzi mjini Morogoro, wakati ambapo kumkuta mtu wa jijini kwenye njia ya juu ya Morningside, penye jengo la zamani la Wajerumani ubavuni mwa mlima, lilikuwa jambo la kusimuliwa bwenini. Siku hizo safari ya kutoka Dar ilikuwa ya kulala, kwani basi lilichukua saa nne au zaidi, na aliyetaka kufika kileleni alilazimika kuingia Morogoro Ijumaa. Tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, hesabu hiyo imebadilika kabisa. Mwendo sasa ni chini ya saa mbili, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 13,000. Muuza duka wa Kariakoo mwenye siku moja tu ya kupumzika anaweza kuondoka alfajiri, kusimama juu ya mgongo wa mlima adhuhuri na kulala kitandani kwake usiku. Jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabia watu zaidi ya milioni 5, na ambalo miinuko yake ya karibu ni vilima vya Pugu, limepata mlima wa kwenda na kurudi.

Nalifurahia jambo hili kwa moyo wote, na ningependa mlielewe hivyo kabla sijaingia kwenye malalamiko. Nimewapeleka juu watu waliokuwa hawajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za ghorofani kwao. Kila mara nasimama nao kwenye kijito chochote kinachoshuka kuelekea Mto Morogoro, nawaeleza kwamba maji hayo yanaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayotuletea maji jijini. Mtu aliyezoea kugombana na bomba lisilotoa maji huko Tabata anachota kwa kiganja, ananyamaza. Nimeona baada ya hapo watu walewale wakiokota chupa ambazo si wao waliozitupa. Kwa hiyo naamini kwamba safari hizi za siku moja zina faida kwa hifadhi yenyewe, na kinachonisikitisha ni kwamba treni imetufikisha mlimani kabla mlima haujaandaliwa kutupokea.

Naomba niyaeleze yanayotusumbua kwa namba, ili kila moja liweze kujibiwa peke yake.

1. Kibali na ada

Sehemu kubwa ya msitu huo imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyotangazwa mwaka 2008, na ni haki kabisa kwamba anayeingia aandikishwe na alipe. Taabu ni kwamba mpanda mlima wa siku moja hana namna ya kulipa kwa wakati. Namba ya malipo hutolewa na mtumishi aliyeko ofisini, ofisi hufunguliwa siku za kazi, nasi tunafika Jumamosi au Jumapili saa 2 asubuhi. Nimewahi kukaa na watu kumi na wanne chini ya mwembe mpaka saa 5 kasorobo, tukingoja namba hiyo itumwe kwenye simu. Aliyepanga kuanza kupanda saa 2 na nusu akaanza saa 5, atafika juu alasiri wakati ukungu unateremka, na atashuka akifukuzana na giza, kwa sababu jua letu halimngoji mtu kupita saa 1 jioni. Mtumishi aliyechelewa kutuma namba hawezi kuliona hilo akiwa nyumbani kwake, lakini kundi zima linalibeba hadi usiku.

Hata kiasi chenyewe hakieleweki. Katika safari tatu za mwaka mmoja nilitozwa viwango vitatu tofauti: mara moja kwa stakabadhi, mara moja kwa ujumbe wa simu, na mara moja na kijana aliyetukuta njiani akasema ametumwa, akapokea fedha mkononi bila kutoa karatasi yoyote. Sikumdai kitambulisho, na hilo nilikosea. Lakini mgeni anayetoka Mbagala kwa mara ya kwanza atamtambuaje anayestahili kulipwa, ikiwa hakuna ubao hata mmoja, mjini wala mwanzo wa njia, unaoonyesha kiwango na jina la mpokeaji?

2. Njia na alama zake

Njia ya Bondwa inajieleza yenyewe, kwani barabara inayokwenda kwenye minara ya mawasiliano kileleni humwongoza mtu hata akiwa peke yake. Lupanga ni habari nyingine. Kilele chake kinazidi mita 2,100, na mji uko kwenye mita 500 hivi, kwa hiyo hata anayesogezwa na bodaboda mpaka mwisho wa barabara bado ana zaidi ya kilomita moja ya kwenda juu wima, nayo ataishuka yote siku hiyohiyo. Anaanza katikati ya migomba na maharage, ambako kila shamba lina kijia chake, kisha anaingia msituni kwenye ngazi za mizizi na udongo mwekundu unaoteleza hata siku ambayo mvua haikunyesha, kwa sababu ukungu pekee unatosha kuulowesha. Mahali njia zinapogawanyika hapana kibao. Mkulima anayepita hapo kila siku hakihitaji, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyekumbuka kukiweka.

Naomba mtazame walivyofanya Hong Kong, jiji lenye majengo mengi na milima mingi pia, ambalo wakazi wake huipanda kila mwisho wa juma. Njia yao iitwayo MacLehose, yenye urefu wa kilomita 100 na iliyofunguliwa mwaka 1979, imewekwa vigingi vyenye namba kila baada ya mita 500. Aliyepotea au kuumia anataja namba ya kigingi kilicho karibu naye, na waokoaji wanajua pa kwenda. Sisi mara ya mwisho tulipoulizwa kwa simu tuko wapi, jibu letu la kweli lilikuwa kwamba tuko chini ya mti mkubwa wenye kuvu, juu kidogo ya jiwe. Kigingi cha namna ile ni nguzo fupi tu, na fundi wa Morogoro mwenye saruji, nondo na rangi anaweza kukitengeneza uani kwake.

3. Uokoaji

Hili ndilo lililoniingiza katika kuandika barua, na naomba mlisome taratibu.

Jumamosi moja ya Novemba mwaka jana, mvua za vuli zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, tulikuwa watu tisa tukishuka kutoka Lupanga. Ilikuwa yapata saa 8 mchana. Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima ambaye amepanda nasi mara nyingi na ambaye siku hiyo alivaa viatu vinavyofaa na kutembea kwa uangalifu kuliko vijana wetu, alikanyaga mzizi uliolowa, mguu ukazama kati ya mizizi miwili na mwili ukaenda mbele. Tulisikia sauti ya mfupa. Tulikuwa tumelipa siku hiyo, na stakabadhi ilikuwa na namba mbili za simu. Ya kwanza haikupatikana. Ya pili ilipokelewa na mtu mwenye adabu aliyetueleza kwamba yuko likizo, akatupa namba ya tatu. Ya tatu ikatuelekeza tushuke hadi makazi ya karibu tukatoe taarifa. Nilipouliza tutamshushaje mtu asiyeweza kusimama, mtandao ukakatika, na kwa sehemu kubwa ya ubavu ule mtandao huja na kuondoka kama ukungu wenyewe.

Tuliwatuma wawili wetu mbio kwenda chini. Waliokuja kutuokoa walikuwa wakulima: vijana wanne na mzee mmoja, wakiwa na miti miwili, kamba na blanketi. Walifunga machela mbele yetu kwa ustadi wa watu waliokwisha kuifanya kazi hiyo mara nyingi, na baadaye nilielewa kwamba ndivyo ilivyo, kwani huko juu mjamzito na mgonjwa hushushwa hivyohivyo. Walimbeba wakipokezana, mahali pengine wakishuka kinyumenyume, mmoja akiwa ametangulia kuwashika miguu wenzake isiteleze. Giza lilitukuta bado tuko msituni. Tulifika kwenye gari saa 3 usiku, saa saba baada ya kuanguka kwake, naye muda wote huo hakuwa na dawa ya maumivu zaidi ya vidonge vilivyokuwa mkobani mwangu. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Mpaka leo anatembelea fimbo, na jambo analoniuliza kila tukionana ni kama wale vijana wamewahi kushukuriwa na yeyote mwenye cheo.

Hawajashukuriwa. Wao walikataa malipo mpaka tuliposihi, na walichopokea hakikufikia hata gharama ya siku moja ya kibarua kwa kila mmoja. Ada tuliyolipa asubuhi ile ilikwenda kwa wengine, na hao wengine hawakuwepo mlimani wala kwenye simu.

Siombi helikopta, waheshimiwa. Kilimanjaro, ambako wapandaji ni wengi na mlima ni mkali zaidi, ada ya uokoaji huonyeshwa peke yake kwenye orodha ya malipo, na kila anayepita langoni anaandikwa, hata anayekwenda kutwa tu mpaka kibanda cha Mandara. Nairobi wana Longonot, mlima wa mita 2,776 ambao watu wao huenda na kurudi siku moja kama sisi, nao huingilia lango linalojulikana. Uluguru inaingilika kutoka pande nyingi, nakiri, na lango moja halitoshi. Lakini daftari la waliopanda asubuhi, likilinganishwa jioni na walioshuka, halihitaji lango. Linahitaji mtu mmoja mwenye kalamu katika kila moja ya njia kuu mbili au tatu, Jumamosi na Jumapili.

Hofu yangu kubwa ni msimu wa mvua. Makundi mengi ya jijini huishia kwenye maporomoko ya Choma, huoga na kupiga picha katikati ya maji, wakati wingu limekaa juu yao kwenye Bondwa. Mto wa mlimani hujaa kwa mvua iliyonyesha mahali ambapo aliye chini haoni. Septemba 2019, katika korongo la Hell's Gate nchini Kenya, mafuriko ya ghafla ya namna hiyo yaliwachukua watu saba waliokuwa kwenye matembezi ya kutwa, na mwaka 2012 korongo hilohilo lilikuwa limekwisha kuua vijana wa kanisa waliotoka Nairobi. Tusingoje msiba wa kwetu ndipo tuandike kwenye kibao kwamba mvua ikinyesha juu, watu watoke majini.

4. Waongozaji na wenyeji wa mlima

Kila nilipouliza kuhusu usalama niliambiwa nitumie mwongozaji aliyesajiliwa. Nakubaliana nanyi kabisa. Nimeomba orodha ya waliosajiliwa mara mbili, sijaipata. Kwa hiyo tunafanya kama wengine wote: tunampigia kijana tuliyempata kwa kuambiwa, tunapatana bei, tunapanda. Vijana hao wanaujua mlima. Wanajua mti gani hushikwa na upi huvunjika, wanajua mahali nyuki walipo, wanaweza kumwonyesha mtu mwenye subira ndege na maua ambayo wataalamu husafiri kutoka mbali kuja kuyaona, kwani milima hii ya Tao la Mashariki ina viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wapo wanaomtambua kwa sauti tu kipwe wa Uluguru, ndege ambaye hana makazi mengine zaidi ya misitu hiyo. Wasichokuwa nacho ni mafunzo ya huduma ya kwanza, sanduku la dawa, na karatasi inayosema kwamba wanatambulika. Mmoja aliyetuongoza aliwahi kusumbuliwa mbele yetu kwa kukosa kitambulisho ambacho, kwa maelezo yake, alikuwa amekiomba mwaka mzima.

Nizungumzie pia mashamba, maana hili halisemwi. Kabla ya kufika msituni, kila mmoja wetu anapita kwenye ardhi ya mtu. Waluguru ni watu wa ukoo wa mama, na mashamba mengi tunayokatiza yanarithiwa upande huo. Akina mama ndio tunaowakuta alfajiri wakishuka na mikungu ya ndizi na vikapu vya mboga kuelekea sokoni, kwenye kijia chembamba ambacho watu ishirini wenye mikoba mikubwa hukijaza na kuwalazimisha wenye mzigo kichwani kusimama pembeni. Nimeona mahindi machanga yaliyokanyagwa ili mtu apate picha nzuri. Nimewakemea wa kundi langu, lakini siwezi kumkemea kila mtu. Wenye mashamba hayo wanapata nini kutokana na ada? Niliwauliza viongozi wao katika sehemu mbili tofauti, wakaniambia hawajawahi kuitwa kwenye kikao chochote kinachohusu wapandaji.

Historia ya mlima huu inatosha kutufundisha hapa. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo waliinuka dhidi ya serikali ya kikoloni kwa sababu ya matuta ya lazima, mpango uliokuwa na nia ya kuzuia mmomonyoko wa udongo lakini ulioletwa na wataalamu bila kuwasikiliza wanaolima. Nia njema ile ilizikwa na namna ilivyoletwa, na udongo ukaendelea kuteremka. Mkipanga njia za wapandaji bila kukaa na akina mama wenye mashamba, nao wakiwa wasemaji na si wasikilizaji tu, mtajenga chuki mahali ambapo leo bado kuna ukarimu. Mimi ukarimu huo nimeuona kwa macho yangu usiku wa Novemba.

5. Vyoo na taka

Hili ni fupi. Kutoka mwisho wa barabara hadi kileleni hapana choo, na vijito ambavyo wenyeji huchota maji ya kunywa viko hatua chache kutoka tunapopumzika. Chupa na mifuko huachwa Morningside, kwenye viunga vya lile jengo la zamani la Wajerumani, kwa sababu hakuna aliyeelekezwa arudi nayo. Choo cha shimo kilichojengwa vizuri mwanzo wa kila njia, na agizo kwamba kila kilichopanda kishuke na mwenye nacho, vingeondoa sehemu kubwa ya adha hii.

Waheshimiwa, nimekaa na majibu ambayo huenda mtayatoa, kwa sababu baadhi yake nimekwisha kuyasikia kwa mdomo.

Mnaweza kusema kwamba hiyo ni hifadhi ya msitu na vyanzo vya maji, wala si bustani ya mapumziko. Hoja hii naiheshimu kuliko zote. Ingekuwa mnafunga njia zote ili msitu upumzike, ningetii na ningewaeleza wenzangu sababu. Lakini njia hazijafungwa, na ada inapokewa. Mahali palipo wazi bila kusimamiwa, watu huanzisha vijia vipya kila penye tope, kila kijia kipya kinakuwa mfereji mvua ikinyesha, na udongo unaokwenda na mfereji huo unaishia mtoni. Njia moja iliyotengenezwa vizuri, yenye ngazi za magogo na mikingamo ya maji, inalinda msitu kuliko njia kumi ambazo hakuna aliyezichagua. Pia mnaweza kuweka kikomo cha idadi ya watu kwa siku. Sitalalamika nikikuta nafasi zimejaa, mradi nijue kabla sijakata tiketi ya treni.

Mnaweza kusema hakuna bajeti. Niliyoyataja humu kwa sehemu kubwa ni nguzo za saruji, mbao, rangi, madaftari na posho ya watu wachache siku mbili za juma. Kama makusanyo ya wapandaji hayatoshi kwa hayo, basi yatangazwe ni kiasi gani, ili tuelewe na pengine tuchangie.

Mnaweza kusema kwamba wapandaji wenyewe ni wazembe, na hapo mtakuwa mmesema kweli. Nimekutana na watu wakipanda Lupanga saa 7 mchana wakiwa na makubazi, chupa moja ya soda na spika ya muziki. Hao ndio wanaohitaji zaidi kuandikishwa na kuambiwa hapana. Mtu wa jijini hajui asichokijua kuhusu mlima, na mahali pa kumfundisha ni kwenye tangazo analoliona kabla ya kupanda treni na kwa mwandikishaji mwenye mamlaka ya kumrudisha.

Na mnaweza kusema, kama nilivyoambiwa, kwamba jambo hili ni la idara nyingine: msitu ni wa hawa, barabara ni ya wale, utalii ni wa wengine, uokoaji ni wa wengine tena. Sina uwezo wa kuugawanya mlima namna hiyo ninapokuwa na mtu aliyevunjika mguu. Anayetoa stakabadhi ndiye ninayemjua, na ndiye ninayemwomba awakusanye wengine mezani.

Ninachoomba, basi, ni hiki. Kabla ya masika yajayo, wekeni njia ya kupata kibali na kulipa siku yoyote, hata usiku wa kuamkia safari, na ubao wenye viwango vya ada katika stesheni, mjini na mwanzo wa njia. Katika muda huohuo, tangazeni namba moja ya dharura inayopokelewa kila Jumamosi na Jumapili kuanzia alfajiri hadi mtu wa mwisho atakaposhuka, na kuwe na machela halisi pamoja na sanduku la huduma ya kwanza mahali wanapokaa vijana wenye uwezo wa kufika juu haraka. Walipwe kwa kila wito, na kiwango chao kiandikwe. Vigingi vyenye namba vianze na njia ya Lupanga, kisha Choma. Orodha ya waongozaji itolewe hadharani, na walioomba kusajiliwa wajibiwe. Mwisho, muitishe kikao kimoja huko Morogoro, chenye wenye mashamba, waongozaji, viongozi wa mitaa na vijiji na sisi wapandaji, ambapo mtaeleza makusanyo ya mwaka na sehemu itakayorudi kwa wenyeji wa njia hizo.

Kwa upande wetu, sisi tisa wa siku ile pamoja na wenzetu tumekubaliana kutoa nguvu kazi kwa Jumamosi nne, kwa nauli na chakula chetu, kubeba na kusimika vigingi mahali mtakapotuonyesha. Barua ya kwanza ilitaja ahadi hiyo. Bado ipo.

Naomba kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 30. Jibu nitalisoma mbele ya kundi zima na nitaliweka hadharani kama nilivyoiweka barua hii, neno kwa neno, liwe la kukubali au la kukataa. Safari yetu ijayo imepangwa Jumamosi ya kwanza baada ya masika kuisha. Tutashuka Morogoro kwa treni ya asubuhi, watu kumi na wawili, ada ikiwa mkononi, na yule mama atakuja nasi mpaka mwisho wa barabara, kwa sababu anataka kuwasalimia vijana waliombeba.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpanda mlima na mlipa ada,
Dar es Salaam.

Nakala:
Viongozi wa mitaa na vijiji vya ubavu wa kaskazini wa Uluguru
Waongozaji wa wapanda mlima, Morogoro